Samaki au Ziwa? Kipindupindu katika Mwambao wa Burundi, 1978 na 1992

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya taifa namba 3 hupita kwanza Mugere, kwenye lile jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliolala hapo Novemba 1871. Baada ya hapo hakawii kufika Kabezi. Kushoto kwake vilima vya Mumirwa vinapanda, kulia kwake iko michikichi, nyumba, kipande cha mchanga, kisha Ziwa Tanganyika. Nafasi kati ya mlima na maji ni ndogo, na watu ni wengi. Hapo ndipo bibi yangu alipofanya biashara ya ndagala kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliwanunua alfajiri mitumbwi inaporudi, akawaanika mchangani, akawapandisha vilimani kwa kichwa ili kuwauza kwenye masoko ya juu, ambako watu hula ugali wa muhogo na maharage na huhitaji kitoweo.

Mwaka 1992, anasema, alipanda mlimani na beseni lake akashuka nalo bado limejaa. Wateja waliokuwa wakimwita "mama" waligeuza nyuso. Korera imeingia ziwani, walisema, na ndagala wanatoka ziwani. Kwa hiyo anayeuza ndagala anauza korera. Kuna mwanamke aliyemwambia mbele ya watu kwamba jirani yake alikula samaki wa bibi jioni na asubuhi akazikwa. Bibi hakujibu. Mpaka leo, akilisimulia jambo hilo, huishia hapo na kuanza kuzungumzia kitu kingine.

Insha hii imetokana na beseni lile. Nimetaka kujua, kwa njia za somo letu la historia, kama wale wateja walikuwa na haki. Mwaka 1992 watu wa mwambao wetu waliambukizwa na nini hasa: chakula au maji?

Lazima nianze na mwili, kwa sababu bila hivyo ushahidi wa kihistoria hausomeki. Tunapomwona mtu anatapika na kuharisha huwa tunasema amekula kitu kibaya. Mara nyingine ni kweli kabisa. Kuna bakteria ambao huzaliana ndani ya chakula kilichokaa kwenye joto na kuacha sumu humo. Mlaji huanza kutapika baada ya saa 1 hadi 6, na hapo ni rahisi kukitaja chakula chenyewe. Salmonela huchelewa kidogo, huchukua saa 6 mpaka siku 3. Lakini kimelea cha kipindupindu, Vibrio cholerae, kinaweza kuonyesha dalili baada ya saa chache tu au kikasubiri mpaka siku 5. Mgonjwa, na majirani zake, hukumbuka mlo wa mwisho. Hawakumbuki kwamba juzi alioga ziwani akameza maji kidogo, kwa sababu kila siku anaoga ziwani. Kwa hiyo yule mwanamke wa sokoni hakuwa mwongo. Alifanya hesabu ambayo kila mmoja wetu angeifanya.

Kimelea hicho hakichimbi ukuta wa utumbo. Hukaa juu yake, katika utumbo mwembamba, na kutoa sumu inayoziamuru chembe za utumbo zimwage chumvi, na maji hufuata chumvi. Choo huwa kama maji yaliyooshewa mchele, na mtu mzima anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Ndiyo maana mtu aliyelala mzima huweza kufa kabla ya jua la siku ya pili kuzama, na ndiyo maana ugonjwa huu umeogopwa kuliko magonjwa mengine ya tumbo ambayo, yakihesabiwa kwa miaka, yameua pengine zaidi.

Afrika Mashariki ilikijua kipindupindu muda mrefu kabla ya miaka ninayoizungumzia. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko iliyolikumba eneo hili tangu 1821, na aliyoishuhudia mwenyewe ni ile ya 1869 na 1870. Jambo kubwa katika kitabu chake ni njia. Alionyesha kwamba ugonjwa ulisafiri kwa mwendo wa watu: misafara ya wapagazi bara na majahazi pwani. Mizigo iliyokwenda na kurudi kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji ilibeba zaidi ya pembe na nguo. Livingstone na Stanley walipovuta makasia kutoka Ujiji hadi Mugere, walikuwa katika ziwa ambalo tayari lilikuwa njia kuu.

Kisha kipindupindu kilitoweka katika sehemu hizi kwa karibu miaka mia. Wimbi la saba la dunia lilianza mwaka 1961 katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, likiongozwa na aina inayoitwa El Tor. Aina hiyo ilipewa jina la kituo cha karantini cha mahujaji huko Sinai, ambako ilitambuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wimbi liliingia Afrika Magharibi mwaka 1970. Tanzania ililipata mwaka 1977, na mwaka 1978 likafika kwenye ziwa letu na Burundi ikaandika wagonjwa wake wa kwanza wa wimbi hilo. Halafu kimya. Miaka 14 ilipita bila mlipuko nchini.

Kimya hicho kinahitaji kuangaliwa vizuri, maana tumbo la Mrundi halikupumzika. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na balaa jingine, kuhara damu kunakosababishwa na Shigella dysenteriae aina ya kwanza, yule yule bakteria ambaye Mjapani Kiyoshi Shiga alimgundua mwaka 1897. Mlipuko huo ulianzia kaskazini-mashariki ya Zaire mwaka 1979, ukaingia Rwanda na Burundi, na dawa zilizokuwepo zikaanza kushindwa moja baada ya nyingine. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakiandika kwamba vimelea waliowatoa kwa wagonjwa wa Burundi vilistahimili karibu kila dawa ya kumeza iliyopatikana nchini.

Nataja kuhara damu kwa sababu ramani yake ni tofauti na ya kipindupindu, na tofauti hiyo inatusaidia kujibu swali la beseni. Kuhara damu kulipanda milimani. Kipindupindu cha 1978 na cha 1992 kilibaki chini, kando ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi. Kwa nini? Sababu moja ni idadi. Shigella huhitaji vimelea 10 hadi 100 tu kumwangusha mtu. Mkono mmoja usionawa unatosha, kwa hiyo ugonjwa huenda popote penye mikono. Kipindupindu kwa kawaida huhitaji vimelea vingi mno, maelfu kwa maelfu, kwa sababu asidi ya tumbo huviua vingi njiani. Basi kinahitaji chombo kikubwa cha kuvibeba. Sasa tujiulize: kama chombo hicho kingekuwa ndagala, basi ramani ya ugonjwa ingefuata njia za wachuuzi wa ndagala. Bibi na wenzake walipanda vilima vyote vya Mumirwa, na magari yalipeleka samaki mpaka Gitega na mbele zaidi. Lakini ugonjwa haukuwafuata. Ulibaki na ziwa.

Hoja hii niliipata peke yangu, nikajivuna nayo kwa wiki moja, kabla sijagundua kwamba kuna watu waliolifanyia kazi jambo lenyewe kwa uangalifu zaidi mwaka ule ule.

Kati ya Januari na Mei 1992 kipindupindu kilipita tena mwambao wa Burundi. Rumonge, mji ulio kusini mwetu kwenye ziwa hilo hilo, watu 318 walilazwa. Kikundi cha watafiti kilichoongozwa na M. E. Birmingham kilichukua wagonjwa 56 wa mji huo na kuwalinganisha na watu 112 ambao hawakuugua, yaani wawili kwa kila mgonjwa mmoja. Kila mtu aliulizwa alikula nini, alikunywa nini, alioga wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la The Lancet la London.

Mambo mawili yalijitokeza. Kunywa maji ya ziwa kuliongeza uwezekano wa kuugua mara 2.78, na kuoga ziwani mara 1.6. Kwa kuwa waliooga ziwani walikuwa wengi kuliko waliokunywa, watafiti walikadiria kuwa kuoga kulihusika na asilimia 37 ya maambukizi, na kunywa asilimia 14. Kuhusu chakula jibu lilikuwa fupi: hakuna chakula chochote kilichoonekana kuhusika, hata samaki ambaye hakuiva vizuri. Zaidi ya hayo, kimelea chenyewe kilipatikana katika maji ya ziwa wakati wa mlipuko, na ustahimilivu wake kwa dawa ulifanana na ule wa vimelea vya wagonjwa. Watafiti walihitimisha kwamba chanzo na njia ya ugonjwa ilikuwa ziwa lenyewe, na kwamba Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Tanganyika, huenda ndio uliokisafirisha kimelea kutoka ziwa moja hadi jingine.

Niliposoma mistari ile ya chakula niliisoma mara tatu. Miaka mingi baada ya bibi kushuka na beseni lake, karatasi ya London ilikuwa inasema hakuuza korera.

Lakini mwanafunzi wa historia hapaswi kushangilia mapema, nami nina mashaka manne ambayo siwezi kuyaficha kwa sababu tu jibu limenipendeza. La kwanza ni udogo wa kundi. Wagonjwa 56 si wengi, na kwa upande wa kunywa maji ya ziwa watafiti wenyewe walionyesha kuwa kiwango halisi kingeweza kuwa popote kati ya 1.0 na 7.5. Huo ni uwanja mpana. La pili ni hesabu yenyewe: 37 na 14 ni 51. Karibu nusu ya maambukizi haikuelezwa na ziwa moja kwa moja. Ndani ya nusu hiyo kuna mitungi ya maji majumbani, kuna mikono iliyomwogesha mgonjwa, kuna vyombo vilivyosuuzwa ufukweni, na pengine kuna chakula pia. La tatu, chakula si mtakatifu kila mahali. Huko Gini, mwaka 1986, uchunguzi wa mlipuko wa Conakry uliona kwamba mabaki ya wali wenye mchuzi wa karanga yalihusika na ugonjwa, lakini mchuzi wa nyanya haukuhusika, kwa sababu ukali wa nyanya humzuia bakteria kuzaliana. Chakula kikipikwa, kikaguswa na mkono mchafu na kulazwa mpaka kesho yake, kinaweza kuwa chombo kizuri sana.

Hapa ndipo ndagala anapojitetea mwenyewe, nadhani. Ndagala anayepanda mlimani ni mkavu. Vibrio hupenda unyevu na hufa kikikauka, na jua la Julai juu ya mchanga wa Kabezi halina huruma. Kisha samaki huyo hupikwa kwa mawese mpaka achemke. Ni kweli kwamba samaki walioanikwa chini hukusanya mchanga na uchafu wa kila aina, na vichanja vya waya vilivyoletwa baadaye katika fukwe kadhaa vimesaidia sana; mimi siwatetei ndagala wenye mchanga. Nasema tu kwamba samaki mkavu aliyepikwa ni mshukiwa dhaifu, ukimlinganisha na maji mabichi yanayoingia mdomoni kila mtu anapozamisha kichwa kuosha sabuni.

Na maji ya Tanganyika si maji ya kawaida. Yana alikali, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Kimelea ambacho asidi hukiua hujisikia nyumbani katika maji kama hayo. Jambo hili kwa macho halionekani: ziwa letu ni safi, unaliona jiwe lililo chini kabisa, na usafi huo wa macho umewadanganya wengi, nami nikiwemo. Utotoni tulikunywa tukiogelea na hatukuhesabu kuwa tumekunywa.

Shaka la nne ndilo gumu zaidi. Mlipuko ulipoisha, watafiti hawakukipata tena kimelea ziwani. Basi kilikuwa wapi kati ya 1978 na 1992? Kama ziwa ni ghala la kudumu, kwa nini lilinyamaza miaka 14? Na kama si ghala, nani aliyekirudisha? Watafiti wa Kongo, hasa Didier Bompangue na wenzake, wamechora ramani za miaka mingi za upande wa pili na kuonyesha kwamba miji ya kando ya maziwa, kama Uvira na Kalemie, hukaa na kipindupindu hata majira ambayo kwingine hakipo, na kwamba kutoka hapo ndipo milipuko huanza kusambaa. Ukiyasoma maelezo hayo ukiwa Kabezi, ukaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, unaelewa kwamba mpaka wa nchi uliopita katikati ya ziwa haujawahi kuwa mpaka kwa wavuvi. Wanalala kambi za huku na za huko, wanauza wanapopata bei. Huenda kimelea hakikukaa majini bali kilikaa kwa watu wa majini, kikipokezana kidogo kidogo bila mlipuko wa kuandikwa. Mimi naelekea kuamini hivyo. Ni ile ile hoja ya Christie ya mwaka 1876, isipokuwa wapagazi wamekuwa wavuvi.

Miaka miwili baada ya Rumonge, Julai 1994, dunia yote iliona kipindupindu kinavyoweza kufanya kwenye maziwa yetu. Wakimbizi wa Rwanda, mamia ya maelfu, walifika Goma na kuyategemea maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu kulikofuata nyuma yake. Tiba haikuwa siri. Tangu mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh mpakani mwa India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa ameonyesha kuwa maji yenye sukari na chumvi, yakinyweshwa na ndugu wa mgonjwa mwenyewe, hupunguza vifo kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Goma kilichokosekana kilikuwa maji safi ya kuchanganyia, na mikono ya kutosha ya kunywesha.

Kwa hiyo suala linarudi kwenye bomba. Uvira, watafiti walifuatilia kati ya 2009 na 2014 siku ambazo mtambo wa maji wa mji ulisimama, wakalinganisha na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu. Siku moja isiyo na maji ya bomba ilifuatiwa, katika siku 12 zilizofuata, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 ukilinganisha na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Sisi wa Kabezi hatukuhitaji hesabu kuliamini hilo. Bomba la karibu na nyumbani likikauka, na hukauka, hakuna anayeitisha mkutano kuamua pa kwenda. Watoto wanachukua madumu ya njano na kuvuka barabara. Ziwa halina foleni wala halidai faranga.

Likizo iliyopita nilimsomea bibi makala ile ya 1997, nikitafsiri kwa Kirundi kifungu kwa kifungu, jua likiwa limeshuka upande wa Kongo. Nilipofika kwenye chakula nilisimama kidogo ili asikie vizuri. Alisikiliza, akaniuliza hao watu walikuja lini. Nikamwambia mwaka ule ule, 1992. Akauliza kama walifika mpaka Kabezi. Nikatazama tena karatasi ingawa jibu nililijua: hapana, waliwahoji watu wa Rumonge, Kabezi haimo.

"Basi wa kwetu hakuna aliyewaandika," alisema.

Akaanza kuwataja, nyumba moja moja, kutoka barabarani kushuka ufukweni: nani aliugua kwanza, alikuwa akichota wapi, nani alimwogesha, nani alipona. Nilimwomba aanze upya, nikaenda ndani kuchukua daftari.